Dalili, Kiashiria na Kihatarishi: Historia ya Wazo Moja la Utabibu na Majina Yake

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi za utabibu zinazowasumbua wafasiri wetu, ziko chache ambazo ugumu wake hautokani na ugeni wa neno bali na ugeni wa wazo lenyewe. Mojawapo ni ile inayotaja jambo linalopimwa katika mwili wa mtu asiyeumwa, likaonyesha kwamba uwezekano wake wa kupata maradhi fulani baadaye ni mkubwa kuliko wa wenzake. Shinikizo la damu lililo juu, kolesteroli nyingi, na sukari iliyozidi kidogo katika damu ni mifano inayojulikana. Katika maandishi ya Kiswahili jambo hili limeitwa dalili, ishara, kiashiria, sababu, kisababishi, kihatarishi, na pengine ugonjwa wenyewe. Si ajabu kuyakuta maneno matatu kati ya hayo katika kijitabu kimoja, yakitumiwa kana kwamba ni visawe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo si visawe, na kwamba kuyachanganya kuna madhara yanayofika mbali kuliko ukurasa wa kamusi. Tutaifuata historia ya wazo lenyewe, kwa sababu waganga nao walichukua zaidi ya nusu karne kulitenga na mawazo yaliyo jirani yake. Mfano wetu mkuu utakuwa ni shinikizo la damu, maadamu ndilo lililolizaa wazo hili, na ndilo linalotajwa kila siku katika zahanati zetu.

Kipimo chatangulia wazo

Katika miaka ya 1870, Frederick Akbar Mahomed, daktari kijana wa hospitali ya Guy's mjini London, alitumia chombo cha kuchora mapigo ya mshipa, akagundua kwamba wako watu ambao damu yao ilikuwa na msukumo mkubwa ingawa figo zao hazikuwa na ugonjwa wowote. Hao walikwenda na kurudi katika shughuli zao bila ya kulalamika. Mahomed alifariki mwaka 1884 kwa homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka 35, na jambo alilolianza likakawia kuendelezwa.

Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alibuni kipimo cha mfuko wa mpira unaofungwa mkononi na kuunganishwa na mrija wa zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza utaratibu wa kusikiliza sauti ya mshipa karibu na kiwiko wakati mfuko unapolegezwa. Tangu hapo shinikizo likaweza kuandikwa kwa tarakimu mbili, moja juu ya nyingine, kama tunavyoziona hadi leo katika kadi za wagonjwa.

Lakini tarakimu ni kitu kimoja na maana yake ni kitu kingine. Wa kwanza kuitafuta maana hiyo kwa bidii hawakuwa waganga bali makampuni ya bima ya maisha. Mwenye kuuza bima hamuulizi mteja, “Unaumwa nini leo?” Hutaka kujua kama watu walio kama huyu hufa mapema kuliko wengine. Hivyo makampuni ya Marekani yalianza kupima shinikizo la waombaji mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1925 wataalamu wao wa hesabu walichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba vifo viliongezeka kadiri shinikizo lilivyopanda, hata kwa watu waliojiona wazima. Yafaa tulikumbuke chimbuko hili. Wazo la hatari inayohesabiwa liliingia katika utabibu likitokea katika daftari la mfanyabiashara.

Jina lililopotosha

Kwa nini basi waganga hawakuyafuata mara moja yale yaliyojulikana kwa wenye bima? Sehemu ya jibu imo katika istilahi. Mwaka 1911 daktari Mjerumani Eberhard Frank alilipa shinikizo la juu lisilo na chanzo kinachojulikana jina lenye maana ya shinikizo lisimamalo lenyewe. Sifa aliyoitumia, ilipoingia katika Kiingereza, ilibeba pia maana ya jambo la lazima, jambo lisiloweza kukosekana. Wakati huohuo wengi waliamini kwamba mishipa inapokakamaa uzeeni, moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ifike. Jina na imani vikapatana. Hata mwaka 1931 Paul Dudley White, bingwa mashuhuri wa moyo nchini Marekani, aliandika katika kitabu chake kwamba huenda shinikizo la juu ni njia ya mwili kujisaidia, ambayo haifai kuingiliwa.

Hatusemi kwamba neno moja peke yake liliwazuia waganga kutibu. Dawa zenyewe zilikuwa chache na kali. Lakini neno lilisaidia kuifanya dhana potofu ionekane kuwa maarifa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Rais Franklin Roosevelt. Mwezi Machi 1944 daktari Howard Bruenn alimpima akamkuta na shinikizo la 186 kwa 108. Wananchi waliambiwa kwamba afya ya Rais ni nzuri kwa mtu wa umri wake. Tarehe 12 Aprili 1945 alifariki kwa kuvuja damu katika ubongo.

Mji wa Framingham

Mwaka 1948 serikali ya Marekani ilianzisha utafiti katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Wanaume na wanawake 5,209 walikubali kupimwa kila baada ya miaka miwili, kwa muda mrefu usiojulikana mwisho wake. Ugeni wa utafiti huu ulikuwa katika mpangilio wake. Desturi ilikuwa kumchukua mgonjwa na kuurudia wakati uliopita ili kutafuta kilichomsibu. Huko Framingham walianza na watu wasio na maradhi ya moyo, wakayaandika yote yaliyopimika, kisha wakangoja.

Mwaka 1961 William Kannel, Thomas Dawber na wenzao walichapisha taarifa ya miaka sita ya kwanza ya ufuatiliaji huo. Walionyesha kwamba shinikizo la juu, kolesteroli nyingi, na mabadiliko fulani katika mchoro wa umeme wa moyo vilitangulia ugonjwa wa mishipa ya moyo. Katika kichwa cha makala yao waliviita vitu hivyo kwa maneno ambayo sisi tungeyafasiri kuwa “mambo ya hatari”, na tangu hapo istilahi hiyo ikaenea duniani.

Tutazame walichokisema na wasichokisema. Hawakusema kwamba mwenye shinikizo la juu ni mgonjwa wa moyo. Hawakusema kwamba ataugua kwa yakini, kwani wengi hawakuugua. Wala takwimu zao peke yake hazikuweza kuthibitisha kwamba kila kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Kwa upande wa shinikizo, ushahidi mzito ulikuja mwaka 1967, majaribio yaliyoongozwa na Edward Freis kwa wanaume 143 waliowahi kuwa askari yalipoonyesha, kabla ya miaka miwili kutimia, kwamba waliopewa dawa walinusurika na madhara mengi yaliyowapata wenzao.

Afrika ya Mashariki katika historia hii

Historia hii inaigusa nchi yetu na nchi jirani. Mwaka 1929 C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi Kavirondo nchini Kenya, alichapisha vipimo vya Waafrika 1,000. Aliona kwamba shinikizo lao halikupanda kwa umri kama lilivyopanda kwa Wazungu, na kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake hakumkuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu. Ilikuwa rahisi kwa msomaji kuhitimisha kwamba Mwafrika hana maradhi haya kwa asili yake. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi, ukaonyesha kwamba shinikizo lao lilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini, sambamba na kuongezeka kwa chumvi katika chakula chao. Tofauti ilikuwa katika maisha, wala si katika damu ya kabila.

Hapa Tanzania, utafiti uliofanywa katika miaka ya 1990 huko Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari, wilayani Hai, ulichapishwa mwaka 2000. Karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu alikuwa na shinikizo la juu. Katika hao, waliojua hali yao hawakufika asilimia 20. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama asilimia 10. Na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika asilimia moja. Sababu za hali hiyo ni nyingi, zikiwemo gharama na uchache wa huduma. Lakini mtu anayeambiwa aende hospitali “aonapo dalili” hatakwenda kwa jambo lisilo na dalili. Hapo ndipo kazi ya mfasiri inapogusa uhai wa watu.

Maneno yetu

Tuanze na dalili. Atakayetaka kulitetea neno hili anao ushahidi mzuri, kwani wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu hutangulia, mvua hufuata, na si kila wingu huleta mvua. Kwa asili, basi, neno hili lingetosha. Lakini lugha ya hospitali imekwisha kulibana. Mgonjwa anapoulizwa dalili zake, hutaja homa, kikohozi, maumivu. Yaani mambo ya ugonjwa uliopo. Kulirudisha neno katika upana wake wa zamani ni kumfanya mwenye 150 kwa 95 ama ajione mgonjwa mahututi, ama aseme kwamba hana dalili yoyote na atupe dawa.

Hatari nalo lina uzito wake. Limeandikwa juu ya nguzo na vyumba vya umeme, mahali ambapo kugusa ni kufa. Hatari ya Framingham si ya namna hiyo. Ni uwezekano uliohesabiwa katika kundi la watu. Kwa hiyo twaona inafaa kutumia uwezekano panapotajwa hesabu, na kuliacha neno hatari kwa jumla ya jambo.

Kihatarishi, lililoundwa kutokana na kuhatarisha, limekwisha kukubalika katika ofisi za serikali na katika mafunzo ya magonjwa yasiyoambukiza. Ni neno jema, na linafaa kwa kila kinachoongeza uwezekano wa ugonjwa, kiwe cha mwilini kama shinikizo la juu, au cha mwenendo kama uvutaji wa tumbaku na tabia bwete.

Kiashiria ni kitu kingine. Kazi yake ni kuonyesha, nacho chaweza kuonyesha bila ya kutenda lolote. Tofauti hii ilidhihirika mwaka 2006. Tangu 1977 watafiti wa Framingham walikuwa wameonyesha kwamba watu wenye kiasi kikubwa cha kolesteroli ya aina iitwayo HDL hupatwa na maradhi ya moyo kwa nadra. Ikabuniwa dawa, torcetrapib, iliyoipandisha sana HDL. Lakini majaribio ya watu wapatao 15,000 yalisimamishwa, kwa kuwa waliopewa dawa hiyo walikufa kwa wingi zaidi. Kinyume chake, majaribio yaliyochapishwa mwaka 1994, ya wagonjwa 4,444 wa nchi za Skandinavia, yalionyesha kwamba kuishusha kolesteroli ya aina ya LDL kwa dawa ya simvastatin kulipunguza vifo kwa asilimia 30. Ya kwanza ni kiashiria. Ya pili imethibitika kuwa kisababishi. Mfasiri aliyeziita zote mbili “sababu” angekuwa amewaahidi wasomaji wake jambo ambalo sayansi haikuliahidi.

Limebaki shinikizo la damu. Neno hili lilihusu kwanza kubana na kukamua, na limefaa sana kwa msukumo wa damu. Lakini tukisema “fulani ana shinikizo la damu”, tumesema jambo ambalo ni kweli kwa kila aliye hai. Ndivyo ilivyo pia kwa presha, neno la mitaani. Katika maandishi rasmi hapana budi kuandika shinikizo la juu la damu, hata kama sentensi itarefuka.

Hitimisho

Kwa muhtasari, twapendekeza dalili itumike kwa ugonjwa uliopo. Kiashiria kwa kipimo kinachoonyesha uwezekano. Kihatarishi kwa kinachouongeza uwezekano huo. Na kisababishi pale tu ushahidi ulipokamilika. Kitu kimoja chaweza kustahili zaidi ya jina moja, na chaweza kupandishwa cheo ushahidi unapoongezeka, kama ilivyokuwa kwa shinikizo la juu.

Kazi hii haitamalizwa na wanaistilahi peke yao. Mwalimu anayefundisha wauguzi, mtumishi anayeandika tangazo la wizara, na mfasiri wa kijitabu cha dawa, kila mmoja anayo nafasi ya kumwelewesha mtu asiyeumwa kwa nini apimwe, na kwa nini aendelee kumeza dawa ambayo haoni kwamba inamponya chochote.