Kuunda programu kwa hatua ndogo ndani ya mfumo mkongwe

MKULIMA wa viazi wa Kibirichia, katika Kaunti ya Meru, apatapo aina mpya ya mbegu hana haja ya kuipisha shamba zima. Aweza kuipanda kwenye kipande kidogo, akasubiri msimu mmoja, akayatazama mavuno, kisha akaamua. Waundaji wa programu za tarakilishi walichukua miaka mingi kuikubali hekima hiyo.

Kwa muda mrefu, programu ziliundwa kwa utaratibu uitwao maporomoko ya maji. Mahitaji yote huandikwa kwanza, usanifu ukafuata, programu ikaandikwa, ikajaribiwa na hatimaye ikakabidhiwa mteja. Kama maji yaangukavyo, hatua iliyopita hairudiwi. Winston Royce, Mmarekani ambaye makala yake ya 1970 huhesabiwa kuwa chimbuko la utaratibu huo, alionya humo humo kwamba una hatari, kwa kuwa kasoro kubwa hufichuka mwishoni, wakati wa majaribio.

Mnamo Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa azimio la mbinu iitwayo ajaili, yaani wepesi wa kubadilika. Kazi hugawanywa katika vipindi vifupi, aghalabu vya wiki moja hadi nne. Kila kipindi huishia kwa kipande cha programu kinachofanya kazi. Mteja hukijaribu, hutoa maoni, na mpango hurekebishwa.

Funzo la M-Pesa

Mfano ulio karibu na msomaji wa Kenya ni huduma ya M-Pesa, bila kujali kama waliyoiunda walilitumia jina la ajaili. Majaribio yalianza Oktoba 2005 katika maeneo ya Nairobi na Thika, yakiwa na maajenti wanane na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa shirika la Faulu kulipa mikopo kwa simu.

Waundaji waliwafuata wateja na kugundua jambo ambalo halikuwa katika mpango. Watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao, na wengine wakiziweka humo usiku kucha kwa usalama. Hesabu za mikopo, kwa upande wake, zilikuwa ngumu kuoanishwa na zile za shirika. Ulipaji wa mikopo ukawekwa kando, na Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Lau mahitaji ya mwanzo yangalifungwa kwa mkataba, huenda Kenya ingalipata chombo cha kulipia mikopo tu. Hata hivyo, si kila kitu kilichoachwa kibadilike njiani: Benki Kuu ya Kenya ilishirikishwa kabla ya uzinduzi, maana fedha za watu si za kufanyiwa mzaha.

Namna ya kuchanganya

Kikwazo kikubwa kwa taasisi za umma ni mkataba. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 iliitaka taasisi kueleza mahitaji yake kabla ya zabuni, na ikaweka kikomo cha asilimia 25 ya bei ya awali kwa jumla ya mabadiliko. Aliyekosea mwanzoni ana nafasi finyu ya kujirekebisha.

Njia ya kati ni kutenganisha mambo. Usalama, kumbukumbu za fedha na matakwa ya sheria hupangwa kikamilifu tangu mwanzo, kama zamani. Fomu, ripoti na kurasa anazozitumia mwananchi huundwa kwa vipindi, na malipo hufuata kila kipande kilichokubaliwa. Taasisi nayo humteua mtu mmoja anayejua kazi ya watumiaji na mwenye mamlaka ya kuamua bila kusubiri kamati.

Hatari iliyopo ni kubadili majina pekee. Ofisi yaweza kufanya mkutano wa dakika 15 kila asubuhi, lakini ikiwa mtumiaji ataiona programu baada ya mwaka mzima, hayo ni maporomoko yale yale. Atakayelipia kosa hilo ni mwananchi aliyepanga foleni, akiambiwa kwamba mtambo haufanyi kazi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mpango mkongwe una kazi yake. Unachohitaji ni kuupa nafasi ya kusahihishwa mapema, kosa likiwa bado dogo.