Mlango wa Jirani, Mzigo wa Wote

Wengi wanapoeleza historia ya wakimbizi nchini Tanzania huigawa mara mbili. Zama za Mwalimu Nyerere, wanasema, kila aliyekimbia makwao alipokewa. Baada yake ukarimu ukapungua hadi milango ikafungwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaifanya sera ya nchi ionekane kuwa ni suala la moyo wa mtu mmoja. Kumbukumbu za mikataba na makazi ya wakimbizi zinaonyesha jambo jingine: hifadhi ilidumu pale ambapo serikali, mashirika na wafadhili waligawana kazi kwa makubaliano yanayoeleweka, na iliyumba pale ambapo nchi jirani iliachiwa wajibu wa kupokea huku wajibu wa kusaidia ukiachiwa hiari ya wengine.

Tuanze na sheria. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 uliandikwa kwa ajili ya watu waliong'olewa makwao na matukio ya kabla ya Januari 1, 1951, na mpaka huo wa tarehe ukaondolewa na Itifaki ya 1967. Hata hivyo, mkimbizi wake alibaki kuwa mtu anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au siasa zake. Afrika ya miaka ya 1960 ilikuwa na vita vya ukombozi na mauaji yaliyohamisha vijiji vizima, na isingewezekana kumhoji kila mtu hofu yake. Kwa hiyo Septemba 10, 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake, ukawatambua pia wanaokimbia uvamizi, ukoloni na machafuko makubwa. Ulitamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kiutu, wala si uadui dhidi ya nchi aliyotoka. Ulitaka wakimbizi wakalishwe mbali na mpaka, na ukawakataza kuishambulia nchi yoyote mwanachama. Hapo nchi zilikuwa zimekubaliana namna ya kupokea watu bila kugombana.

Mwaka 1972 makubaliano hayo yalipata mtihani. Mauaji nchini Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu kuvuka kuingia Tanzania, nao wakapelekwa ndani ya nchi, Ulyankulu mkoani Tabora na Katumba wilayani Mpanda. Baadaye Mishamo ikaongezwa. Mgawanyo wa kazi ulikuwa bayana. Serikali ilitoa ardhi na usimamizi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilileta fedha, na shirika la Kikristo la TCRS lilijenga barabara, visima na shule. Kila familia ilipewa shamba. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, makazi hayo yalikuwa yamekabidhiwa kwa Serikali. Wakazi wake walijilisha, waliuza mazao yao na kulipa kodi. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi, na aliistahili. Lakini nyuma ya nishani hiyo kulikuwa na utaratibu ambao kila upande ulijua sehemu yake.

Kasoro ilikuwa ndani ya mkataba wa 1969 wenyewe. Ibara ya pili inasema nchi inayolemewa inaweza kuwaomba wanachama wenzake, nao watachukua hatua zinazofaa kuipunguzia mzigo. Haisemi nani atatoa, kiasi gani, wala lini. Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Ngara ikawa na kambi kubwa kuliko miji mingi ya nchi. Ardhi ya kuwagawia mashamba haikutolewa tena. Watu waliwekwa kambini karibu na mpaka, wakilishwa kwa chakula cha msaada, huku misitu ikikatwa kuni na vijiji vya jirani vikibeba hasara. Mwaka 1995 mpaka na Burundi ulifungwa, na Desemba 1996 Wanyarwanda karibu nusu milioni walirudishwa kwao. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikakaza hali hiyo kwa kuwabana wakimbizi ndani ya kambi.

Wapo watakaosema kilichobadilisha sera ni usalama, si fedha. Ni kweli kwamba kati ya waliovuka walikuwamo wahusika wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, waliotumia kambi kujipanga upya. Lakini mkataba wa 1969 uliliona jambo hilo mapema. Ndiyo maana uliagiza kuwatoa watu mpakani. Kuwahamisha mamia ya maelfu na kuwatenga wenye silaha ni kazi ya gharama na ya askari, na dunia haikujitokeza kuifanya. Wengine watauliza kama makazi ya zamani nayo hayakuwa namna ya kuwadhibiti watu, maana mkimbizi alihitaji kibali kutoka nje yake. Hoja hiyo ina haki. Hata hivyo, mwenye shamba hakosi njia ya kuendelea, na ushahidi ni matokeo: mwaka 2014, muda mrefu baada ya zama za Mwalimu, zaidi ya watu 162,000 wa jamii ile ya 1972 walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Kama ukarimu ungekuwa wa mtu mmoja tu, jambo hilo lisingetokea.

Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi katika maendeleo, ikitaja usalama na uhaba wa fedha. Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliidhinisha makubaliano mapya kuhusu wakimbizi, na kwa mara nyingine mchango wa kila nchi ukabaki hiari. Kosa la 1969 limerudiwa kwa upana wa dunia. Jirani kutomfukuza aliyekimbia mauti ni wajibu usiojadiliwa. Lakini serikali zinazodai wajibu huo kutoka Kigoma na Ngara zinapaswa kukubali wajibu wao uandikwe kwa viwango na muda, kama ulivyoandikwa wa anayepokea. Bila hivyo, gharama yote itaendelea kuwaangukia walio karibu na mpaka, na mkimbizi ndiye atakayeilipa.