Kona za Mai Mahiu

Ukitoka Nairobi na Waiyaki Way, unafika Rironi na barabara inagawanyika. Wenye haraka ya Nakuru wanapitia juu. Sisi tunakata kushoto kushuka Mai Mahiu, na sababu ni moja tu: kona.

Klabu yetu hutoka Jumapili moja kila mwezi. Tunaiita siku ya kijamii ili walio nyumbani wasidhani ni mashindano. Huwa pikipiki kumi na kitu, zikifuatana kwa kupishana, huyu upande wa kulia, anayefuata kushoto, ili kila mtu aone mbele na apate nafasi ya kushika breki. Kepteni anaongoza. Nyuma kabisa kuna mtu wa mkia, na huyo hampiti yeyote hata msafara ukitambaa. Nesi mmoja ana 650. Jamaa wa benki ana mashine ya Kijerumani ambayo bei yake ingelipa karo ya digrii niliyoiacha mwaka wa tatu, na chenji ibaki. Mimi nina nduthi ya 150, mtumba, ndugu ya zile zinazobeba abiria stejini.

Lakini kwenye ukuta ule wa Bonde la Ufa, injini kubwa haisaidii sana. Kulia mwamba, kushoto hewa tupu, mbele Longonot. Unapunguza gia kabla ya kona, unaangalia pale unapotaka kutokea wala si shimo unaloliogopa, na mwili unalala pamoja na pikipiki. Nyani wamekaa kando wakingoja mtu adondoshe ndizi. Lori linapanda likikohoa. Ni hapo ambapo lazima mtu, safari baada ya safari, aseme, "Hawa Waitaliano walijua kazi!"

Na walijua. Waliposhindwa Somalia na Ethiopia mwaka 1941, makumi ya maelfu yao waliletwa Kenya kama wafungwa wa vita. Hata mkuu wao, Amedeo, Duke wa Aosta, aliyesalimu amri Amba Alagi mwezi Mei mwaka huo, alifia Nairobi Machi 1942 na kaburi lake liko Nyeri. Wafungwa waliopewa kazi ya barabara hii walijenga pia kanisa mwaka 1942, chini kule ukikaribia Mai Mahiu. Ni dogo kiasi kwamba klabu yote ikiingia, wengine watasali wakiwa mlangoni na helmeti mkononi. Hatupiti bila kusimama.

Wafungwa hawa wanapendeka, siwezi kukataa. Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki, si kukimbilia kwao bali kuupanda Mlima Kenya. Kisha wakarudi kambini wenyewe! Benuzzi akaandika kitabu, na kitabu kikasomwa dunia nzima. Basi historia ya nyanda hizi ikawa na sura ya mtu aliyejua kuandika na aliyeandikwa kwenye orodha ya kambi.

Hapo ndipo tunapokwaruzana na kepteni wetu, mzee ninayemheshimu sana.

"Kijana wangu," huniambia, "bila wale tungekuwa tunateremka hapa na punda."

"Mzee, kabla ya punda kulikuwa na watu."

Bonde la Kedong, tunaloliona kushoto tukishuka, lilikuwa njia ya misafara ya kwenda Uganda. Novemba 1895 msafara wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu, zaidi ya elfu moja, ulikuwa ukirudi kutoka Ravine. Wakagombana na Wamaasai hapo bondeni. Waliouawa walipita 600, na Waingereza walipochunguza walisema ni msafara ndio uliochokoza. Wakati huohuo Kapteni Sclater alikuwa anafungua barabara ya mikokoteni ya ng'ombe. Halafu ikaja reli, na kabla njia yake ya kudumu haijakamilika, mabehewa yalishushwa ukuta huu kwa kamba. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 walitolewa India kuja kuijenga. Karibu 2,500 hawakurudi.

Barabara za wakoloni nazo zilikuwa na mtindo wake wa kupata mikono. Mwaka 1919 Gavana Northey aliagiza maofisa na machifu wawasukume Waafrika kwenda kufanya kazi. Wanaume wakavishwa kipande, kile cheti ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Wanawake na wasichana nao walilazimishwa kazi, na ni moja ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku apaaze sauti. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Risasi zikaua watu zaidi ya 20, naye akiwemo.

Sisemi wanawake hao ndio waliochonga kona za Mai Mahiu. Nasema kufikia 1942 nchi ilikuwa imezoea kabisa barabara kujengwa na mtu asiyeweza kukataa. Na kati ya hao, Muitaliano alilindwa, angalau kwenye karatasi, na Mkataba wa Geneva wa 1929. Mwenye kipande alikuwa na kipande.

Kepteni hunisikiza, huguna, huwasha pikipiki.

Mjini Mai Mahiu wanaboda hutuangalia tukipita na majaketi yetu. Wenzangu hawapendi kuitwa boda. Hunichekesha, maana boda ilianza na baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia miaka ya sitini, na serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 ndipo vijana wa rika langu wakapata ajira. Mwanaboda mmoja aliwahi kuitazama 150 yangu katikati ya zile kubwa akaniuliza, "Buda, wewe ni wa steji gani?" Kona tunazofuata kwa raha, yeye huzipanda usiku na gunia mbili za makaa.

Safari iliyopita kepteni alituegesha kabla ya kanisa, pale bonde linapofunguka lote. Akazima injini. "Kijana, waambie ile ya Kedong."

Nikawaambia. Dakika tano hivi, malori yakipita. Nesi akauliza wale waliokufa waliitwa nani. Nikamjibu kwamba jina linalotajwa kwenye kisa hicho ni la Andrew Dick, mfanyabiashara wa Kiskoti aliyewafuata Wamaasai na bunduki, akauawa pia.

"Na wale 600?"

Kepteni alikuwa ameshavaa helmeti. Alisimama pale kidogo, kioo kikiwa juu, akitazama chini bondeni. Kisha tukawasha, tukapita kanisani siku hiyo bila kusimama, nyama ilikuwa imeagizwa Naivasha.