Kufunga, Kufuga na Kuhifadhi: Chura wa Kihansi na Swali la Makazi ya Wanyama

Swali la iwapo mnyama hustawi zaidi bustanini au mwituni huulizwa kana kwamba lina majibu mawili tu. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyolichambua vizuri zaidi. Kufunga ni kumzuia kiumbe asitoke. Ndicho kitenzi cha mfungwa. Kufuga ni kumlisha na kumzalisha kwa faida ya mfugaji. Kuhifadhi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kukitunza kitu kisipotee. Ndiyo maana aliyeishika Kurani yote moyoni husemwa ameihifadhi. Anayekwenda Kigamboni, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke, kutazama wanyama katika bustani iliyoko huko, huwaona wakiwa ndani ya ua. Lakini ua peke yake haumwelezi ni kitenzi kipi kinachowahusu. Kinachoamua ni historia ya mnyama mwenyewe, na mfano bayana ni ule wa chura wa Kihansi.

Chura huyu, ambaye urefu wake haufiki sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa, wakati mradi wa umeme wa maji ulikwisha kuanza kujengwa huko. Hatagi mayai kama vyura wengi, bali huzaa watoto waliokamilika. Makazi yake yote duniani yalikuwa eneo dogo kando ya maporomoko, lililoloweshwa daima na manyunyu. Mtambo huo wa megawati 180 ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Bronx Zoo, New York. Mwaka 2003 waliosalia korongoni walianza kupungua ghafla, na ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kuvu ulibainika miongoni mwao. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, lilitangaza kwamba chura huyo ametoweka mwituni.

Kama hoja ya kuwaacha wanyama wote mwituni ingefuatwa pasipo kubagua, historia ya chura huyu ingeishia hapo. Hata hivyo, bustani nayo haikuwa salama kwa kuwa bustani tu. Wengi walikufa huko Marekani kabla ya watunzaji wa Bronx na Toledo kuyafahamu mahitaji yao.

Agosti 2010, vyura 100 walirejeshwa Tanzania na kupokewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ambako wakati huo kulikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Huko walizalishwa katika chumba maalumu, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ilianza. Lakini korongo walilorudishwa si lile lililoachwa na wazazi wao. Sehemu ya manyunyu yake hutoka mabombani, na bomba huhitaji fundi. Kwa hiyo, hata mwituni, chura huyu anaishi kwa uangalizi wa binadamu.

Hapa ndipo neno amana linapohitajika. Amana ina mwenyewe, na aliyeipokea hana haki ya kuifanya mali yake. Katika Tamko la Arusha la Septemba 1961, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la mwaka 1967, Julius Nyerere alikubali dhamana ya kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kwa kipimo hicho, bustani yenye njia ya kumrudisha mnyama kwao inahifadhi. Isiyo na njia hiyo, wala nia ya kuitafuta, inafuga au inafunga, hata kama chakula ni kingi.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo huchukulia kwamba maji yanawatosha wote wawili. Kihansi hayakutosha, na umeme uliopatikana uliingia katika gridi inayowasha taa za Kinondoni na Temeke. Aliyekunywa maji hayo ndiye mwenye deni la kulinda manyunyu yaliyosalia.