Safari ya Ujerumani 2016: Nauli, Viza na Daftari la Michango

Katika miaka hii 50 kwaya yetu imeimba Voi, Taveta, Malindi, Nairobi, na hata ng'ambo ya mpaka kule Tanga. Lakini vijana wanaojiunga na kwaya huuliza kwanza habari za safari moja tu: mlifikaje Ulaya, na nani alilipa? Jibu limekuwa likisimuliwa vipande vipande baada ya mazoezi. Sisi tuliokuwa katika kamati ya safari tumeombwa tuliandike lote, pamoja na yale yaliyouma, ili libaki katika kijitabu hiki cha jubilei.

Kwa nini Ujerumani

Sisi watu wa Pwani tuna jambo na Ujerumani la tangu zamani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa pili wa maji. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakaanzisha kituo cha Rabai. Rebmann alikaa hadi 1875, karibu miaka 29, akarudi kwao akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafariki Korntal, karibu na Stuttgart. Krapf naye alifia Korntal mwaka 1881.

Basi marafiki wa ushirika mmoja wa upande huo wa Stuttgart walipotualika tukaimbe kwao na kuyaona makaburi hayo, tulifurahi. Barua yao ilikuwa wazi: wangetupa malazi, chakula na nusu ya nauli ya ndege kwa watu 20. Iliyobaki ilikuwa juu yetu.

Swali la mzee

Tulipoileta habari hii mbele ya baraza la kanisa, mzee mmoja alisimama akauliza: paa la kanisa linavuja, nyinyi mnataka kupeleka fedha angani? Lilikuwa swali la haki. Baada ya majadiliano marefu tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, hakuna shilingi itakayotoka katika sadaka ya Jumapili. La pili, hakuna harambee ya safari itakayofanywa mpaka ile ya paa imalizike. Tukangoja miezi mitano.

Nani aende

Kwaya ilikuwa na waimbaji 32, na nafasi ni 20. Wako waliosema waende wenye uwezo wa kujilipia. Wangekwenda walimu na wafanyakazi wa bandarini, na wangebaki nyumbani mama wauza samaki na vijana wa bodaboda, ambao ndio waliokuwa wakifika mazoezini kabla ya wote. Kamati ilikataa. Tulichukua daftari la mahudhurio la miaka miwili, tukachagua watano kila sauti: soprano, alto, teno na besi. Wapiga ngoma na kayamba walihesabiwa humohumo.

Michango ikawa ya wote 32, aendaye na asiyekwenda, kwa sababu jina linalosafiri ni la kwaya nzima. Hapo ndipo palipotokea mpasuko. Wanne waliokosa nafasi waliacha kuja mazoezini. Wawili walirudi baadaye. Wawili hatunao hadi leo, na katika jubilei hii tunawakumbuka kwa upendo, kwa maana sauti zao zilikuwa sehemu ya kwaya hii kwa miaka mingi.

Fedha zilivyokusanywa

Kila mmoja alitakiwa kutoa shilingi 200 kila Jumapili. Kwa watu 32, hizo ni shilingi 6,400 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 332,800 kama hakuna anayekosa. Hatukufika hapo, maana kuna wiki za karo na wiki za msiba. Lakini haba na haba ilijaza kibaba. Tuliuza mahamri na mbaazi baada ya ibada, tukaimba kwenye harusi, na ilipofika zamu yetu tukafanya harambee.

Wengi walituma kwa M-Pesa. Tulikubaliana mapema kwamba fedha zisilale katika simu ya mtu. Kila Jumatatu mweka hazina alizipeleka benki, katika akaunti iliyohitaji saini tatu. Kila Jumapili orodha ya majina na michango ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kanisa, kila mtu aisome. Karatasi ile ilizuia maneno mengi kuliko hotuba yoyote.

Pasipoti, viza na tiketi

Kati ya wale 20, kumi na wanane hawakuwa na pasipoti. Wakati huo pasipoti ya kurasa 32 ilikuwa shilingi 4,550, kwa hiyo hapo pekee zilikwenda shilingi 81,900. Viza ya Schengen ilikuwa euro 60 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hurudishiwi. Ilitakiwa pia bima ya safari isiyopungua euro 30,000, barua ya wenyeji, na ushahidi kwamba una jambo la kukurudisha nyumbani.

Kila mwombaji alitakiwa kufika Nairobi mwenyewe akatie alama za vidole. Treni ya Madaraka ilikuwa bado, ilianza 2017. Tulikwenda kwa basi la usiku, tukakwama kwa saa kadhaa nyuma ya msururu wa malori, tukafika Nairobi asubuhi tukanawa nyuso kituoni na kubadilisha mashati.

Kwenye tiketi tulipata funzo. Wakala wa kwanza alitaka nauli yote ya watu 20 kabla ya viza kutoka, kisha bei aliyotuambia Ijumaa haikuwa ile ya Jumatatu. Tukamwacha. Wa pili alikubali kutuwekea nafasi kwa malipo ya awali, na salio baada ya majibu ya viza. Wapendwa, shikeni hili: ubalozi unahitaji kuona nafasi iliyowekwa, hauhitaji tiketi iliyokwisha kulipwa.

Majibu yalipotoka, viza zilikuwa 19. Mama mmoja wa alto alikataliwa. Biashara yake ni samaki. Hana karatasi ya mshahara, na fedha zake hazipiti benki. Ndiye aliyekuwa hajakosa kutoa mchango hata Jumapili moja. Kamati iliamua arudishiwe fedha zake zote, ingawa nyingine zilikuwa zimeshatumika kwa viza na bima yake. Tulimlipa kwa awamu tatu.

Stuttgart

Tulisafiri Agosti kupitia Amsterdam, ngoma zikiwa zimefungwa kwa leso na kanga ndani ya masanduku. Wenyeji walitufundisha tiketi ya kikundi ya siku nzima, inayobeba watu hadi watano. Kule hakuna kondakta wa kukudai mlangoni. Unanunua tiketi kwenye mashine, unapanda, na mkaguzi huja wakati wowote. Asiye na tiketi hulipa euro 60. Tulinunua tiketi nne kila siku, ya mwisho ikiwa na watu wanne.

Treni ya U6 ilitufikisha Gerlingen, alikozaliwa Rebmann, na S6 ikatufikisha Korntal. Makaburini tuliimba kwa Kiswahili, lugha ambayo Krapf aliiandikia sarufi na kamusi. Wazee wa pale walivua kofia.

Deni

Tulirudi na deni la shilingi 140,000 kwa chama kilichotukopesha salio la tiketi. Tulilipa kwa miezi 14, tena wote pamoja, hata wale ambao hawakupanda ndege. Siku deni lilipokwisha, mzee yule wa paa ndiye aliyetuombea.

Kwa watakaokwenda tena

Tunasikia vijana wanazungumza juu ya mwaliko mwingine. Viza sasa ni euro 90, tangu Juni 2024, na Nairobi mtakwenda kwa treni. Anzeni na pasipoti mapema, mwaka mmoja kabla. Yule asiye na karatasi ya mshahara afunguliwe akaunti ya benki leo, biashara yake ionekane, asije akakataliwa kama mwenzetu. Chagueni kwa daftari la mahudhurio. Wekeni kando fedha ya kumrudishia atakayekosa viza. Na orodha ya michango ibandikwe mlangoni kila Jumapili, palepale ilipokuwa.

Kwa wote 32, mlioimba Korntal na mlioimba hapa nyumbani Jumapili zile, asanteni.