Upelelezi Bado Haujakamilika: Ugaidi, Dhamana na Kalenda ya Mahakama

Mjadala wa sheria za ugaidi huelemea kwenye tafsiri ya kosa: nani gaidi, nani mkosoaji tu wa serikali. Kwa Tanzania, naona dhuluma imejificha mahali pasipo kelele, kwenye kalenda ya kesi.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 haikuzuka hivi hivi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 11 kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Nairobi, asubuhi hiyohiyo, walikufa zaidi ya 200. Dola inayongoja mlipuko ndipo ipeleleze haiwalindi watu wake. Hilo silibishi.

Lakini nenda Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, siku ya kutajwa kesi. Karandinga linaingia, washtakiwa wanashushwa. Wakili wa Serikali anasimama: upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu hana mamlaka ya kusikiliza kosa lenyewe, hivyo hata mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote. Tarehe inapangwa, karandinga linaondoka. Yote hayo ni dakika chache, kisha yanarudiwa mwezi baada ya mwezi.

Mshtakiwa hawezi kusubiria nje, kwa kuwa kosa la ugaidi halina dhamana. Mahakama Kuu ilibatilisha katazo la dhamana Mei 2020. Mahakama ya Rufani ikalirejesha Agosti mwaka huohuo. Hoja kwamba Bunge linaweza kuyatenga makosa mazito naielewa. Nisichokielewa ni kumnyima mtu dhamana bila kumwekea mpelelezi ukomo. Kila moja kati ya hayo mawili, likiwa peke yake, lina utetezi wake. Yakikutana, kifungo kinatangulia kesi, na anayeshika ufunguo ni mwendesha mashtaka.

Masheikh wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho kutoka Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014. Walitoka Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoondoa kesi. Mwezi uliofuata alikamatwa Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, akashtakiwa kwa ugaidi. Kesi yake, tofauti na ile, ilifika kwenye ushahidi. Februari 2022 jaji akamwona ana kesi ya kujibu. Wiki mbili baadaye Serikali ileile iliyoshinda hatua hiyo ikasema haina nia ya kuendelea.

Kenya nayo haina usafi wa kujivunia. Waliozuiliwa katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, kwenye msako wa usalama wa mwaka 2014 wanajua. Hata hivyo, vifungu vya sheria ya usalama vilivyotiwa saini Desemba mwaka huo vilifika mbele ya majaji watano, na 8 vikafutwa Februari 2015. Huko angalau sheria yenyewe ilihukumiwa.

Kisutu haikuwa hivyo. Kesi ikiondolewa na mwendesha mashtaka, mshtakiwa hajaonekana na hatia wala hajasafishwa, na sheria inaruhusu ashtakiwe upya kwa jambo lilelile. Miaka aliyokaa mahabusu haina hukumu ambayo angeweza kuikatia rufaa.