Florokaboni si Kaboni

Pakiti nyingi za nyuzi za florokaboni za udi na gitaa huandikwa "kaboni", na ni rahisi mno kulichukua jina hilo lilivyo: nyuzi za kaboni. Ni fupi, lakini linapotosha. Kaboni imo katika nailoni, imo pia katika utumbo wa kondoo uliofungwa kwenye udi wa Ulaya kwa karne nyingi. Haiwezi kuwa ndiyo inayoutenga uzi huu na wenzake. Kinachoutenga ni florini. Atomu yake moja ina uzito wa hidrojeni 19 hivi, na katika plastiki hii florini imeshika nafasi ambazo vinginevyo zingekuwa za hidrojeni. Ndiyo maana sentimita moja ya ujazo ya florokaboni ina takribani gramu 1.78, ya utumbo 1.3, ya nailoni 1.1. Hapo ndipo mpigaji anapochagulia. Kwa urefu, sauti na mkazo ule ule, uzito wa kila mita ya uzi haubadiliki. Kwa hiyo maada nzito hutaka uzi mwembamba. Penye utumbo wa milimita 1, nailoni hutaka 1.09 hivi, florokaboni 0.85. Uzi mnene hukakamaa na sauti yake hufifia, basi kwenye jozi za nyuzi za katikati florokaboni huita pale ambapo nailoni huvia. Uzi wa kwanza ni kisa kingine: ni mwembamba tayari, na florokaboni hapo yaweza kuwa kali kupita kiasi.

Watasema mpiga udi si mkemia, na soko limeshaamua. Lakini "nyuzi za kaboni" ni pia zile nyuzinyuzi zinazoundiwa baiskeli na fimbo za kuvulia, tena hata miili ya ala za muziki. Hoja nzito zaidi ni ya wanaopendekeza neno mshipi, letu wenyewe, na lenye haki: florokaboni ilitoka uvuvini, kampuni ya Kureha ya Japani ikiiuza tangu 1971 kwa kuwa haionekani sana majini, na wapo wapigaji wanaokata nyuzi zao kwenye bunda la mshipi. Ila mshipi hutaja kazi, hautaji maada. Mwenye kuuomba dukani huenda akapewa nailoni. Nasimama na florokaboni, na pembeni yake iandikwe densiti, maana nyuzi za plastiki zenyewe hazilingani. Kampuni ya Aquila ya Italia ilipounda uzi wake wa Nylgut ililenga densiti ya utumbo, ili anayebadili abaki na unene ule ule.